UZI: Kwa nini simba hawajai porini? Tuifuate nishati mpaka inapoishia

Mchwa Mzee (mleta mada)

Wakuu, salaam kwenu.

Wiki iliyopita mpwa wangu, yuko darasa la sita, alinibana kwelikweli. "Mjomba, simba hana anayemla. Sasa kwa nini hawajazaana wakajaa pori zima?" Nikajibu haraka haraka kwamba simba wanapigana wenyewe kwa wenyewe na watoto wao wengi hufa. Akanitazama kwa yale macho ya mtoto anayejua kwamba mtu mzima anabahatisha. Na kweli nilikuwa nabahatisha, maana swala nao hufa, tena kwa wingi zaidi, na bado wamejaa.

Jibu liko kwenye nishati. Nimeona nilifungulie uzi, kwa sababu kila nikisoma naona sehemu hii ndiyo tunayoikariri bila kuielewa.

Tuanze na mahali palipopimwa kweli badala ya mchoro wa kitabuni. Silver Springs ni chemchemi iliyoko Florida, Marekani, yenye maji maangavu kiasi cha kuona samaki chini kabisa. Mwaka 1957 mwanaikolojia Howard Odum alichapisha hesabu ya nishati inayopita kwa mwaka mzima katika kila mita moja ya mraba ya chemchemi ile. Zishikeni namba hizi, tutazirudia:

Jua linaloshuka: kilokalori 1,700,000
Kinachonaswa na mimea na mwani: 20,810
Kinachowafikia wala mimea: 3,368
Kinachowafikia wanaowala hao: 383
Kinachowafikia samaki wakubwa wa juu kabisa: 21

Someni mstari wa kwanza, halafu rukeni moja kwa moja kwenye wa mwisho. Milioni moja na laki saba zimeingia, ishirini na moja zimefika juu. Simba wa mpwa wangu naye, kwenye pori lake, yuko huko juu kabisa.

Zinavujia wapi? Kila ngazi ina matundu matatu. La kwanza ni kile kisicholiwa kabisa: swala hamalizi majani yote, simba hatafuni pembe wala kwato. La pili ni kile kilicholiwa kikashindwa kusagika. Tembo, zaidi ya nusu ya anachomeza hutoka nyuma, ndiyo maana mavi yake yamejaa nyuzinyuzi. La tatu ndilo kubwa, nalo ni kuishi kwenyewe: moyo kudunda, miguu kukimbia, mwili kutunza joto lake. Hata mimea inalo tundu hili. Mimea ya Silver Springs, katika zile 20,810 ilizonasa, ilichoma 11,977 kwa upumuaji wake yenyewe, ikabakiwa na 8,833 za kujengea mwili. Yaani kabla hajatokea hata mmoja wa kuuma jani, zaidi ya nusu imeshakwenda.

Na mnyama wa damu moto ndiye mfujaji mkuu. Katika nishati inayosagika na kuingia mwilini mwa mamalia au ndege, kiasi cha asilimia 1 hadi 3 tu ndicho kinachogeuka kuwa nyama mpya au watoto. Iliyobaki inamtoka kama joto. Mdudu mla majani anaweza kubakiza hadi asilimia 40. Ndiyo maana mamba mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula, akiwa ametulia tu juani, wakati simba akikosa mawindo wiki chache mbavu zinahesabika.

Sasa weka hayo pamoja: simba ni wa damu moto, anakula wa damu moto, na yuko ngazi ya tatu kutoka juani. Ukishafanya hesabu hiyo unaanza kushangaa kwamba yupo kabisa. Na hapo hapo unapata jibu la kwa nini hakuna mnyama anayeishi kwa kuwinda simba. Angelazimika kuzunguka eneo kubwa mno akimtafuta simba mmoja mmoja, na nishati ya kumtafuta ingekuwa nyingi kuliko ya kumla.

Naruhusu maswali.

Napita Tu

Natandika mkeka hapa. Endelea mkuu.

Binti Hesabu

Mchwa Mzee, shuleni tuliambiwa kila ngazi inapitisha asilimia 10. Nimechukua kikokotoo nikagawanya namba zako. 3,368 kwa 20,810 ni asilimia 16. 383 kwa 3,368 ni asilimia 11. 21 kwa 383 ni asilimia 5 na nusu. Hakuna 10 hata moja. Odum kakosea au mwalimu wangu?

Mchwa Mzee

Hakuna aliyekosea, dada, ila ile 10 tuliuziwa kama sheria wakati ni wastani wa jumla tu, wa kukumbukia. Mifumo ikolojia haijasaini mkataba wa asilimia 10.

Aliyetupeleka kwenye hesabu za ngazi hizi ni kijana mmoja, Raymond Lindeman. Alitumia miaka mitano kwenye ziwa dogo la Minnesota, Marekani, Cedar Bog Lake, akipima nani yumo na nani anamla nani. Alipoiandika makala yake wahakiki waliikataa, wakaona nadharia ni nyingi kuliko vipimo. G. Evelyn Hutchinson wa Chuo Kikuu cha Yale akaitetea mpaka ikapita. Ilichapishwa mwaka 1942, lakini Lindeman alikuwa ameshafariki miezi michache kabla, kwa ugonjwa wa ini, hajatimiza hata miaka 27. Huwa nasikitika kidogo nikifika hapo. Kila mchoro wa ngazi za chakula duniani una deni kwake, naye hakuwahi kuiona hata nakala moja iliyochapwa.

Sasa utamu: kwake asilimia zilikuwa zinapanda. Wala mimea wa ziwa lile walipata 13.3, na wanaowala wakapata 22.3. Silver Springs zinashuka, Cedar Bog zinapanda. Inategemea ni viumbe gani, wana damu moto au baridi, na chakula chao ni mti mgumu au mwani laini.

Kisiki

Mimi sikubaliani na mada nzima. Tulisoma wote kwamba nishati haiumbwi wala haiharibiki. Sasa wewe unasema "inavuja", "imekwenda". Imekwenda wapi? Simba anakufa, anaoza, anakuwa udongo, majani yanaota, swala anakula majani, simba anamla swala. Ni mduara. Hakuna kilichopotea hapo.

Mchwa Mzee

Kisiki, asante, ulikuwa unangojewa.

Umesimulia vizuri kabisa, ila umesimulia safari ya maada, ukaiita nishati. Vinasafiri pamoja mwanzoni, lakini mwisho wao si mmoja.

Chukua chembe moja ya kaboni. Ilikuwa hewani, jani likaivuta, ikaingia kwa swala, ikaingia kwa simba, simba akapumua nje, ikarudi hewani. Kesho jani jingine linaivuta tena. Hiyo inaweza kuzunguka mamilioni ya miaka na haichakai. Fosforasi hivyo hivyo, naitrojeni hivyo hivyo.

Nishati iliyokuwa imefungwa pamoja na kaboni ile ndiyo haina tiketi ya kurudi. Simba alipoichoma ikawa joto. Joto lile likapasha hewa inayomzunguka, likasambaa, mwisho likatoka nje ya dunia kwenda angani. Halikuharibika, hapo uko sahihi. Lakini hakuna jani duniani linaloweza kulikamata joto la mwili wa simba na kulifanya sukari. Kazi hiyo, usanisinuru, inataka mwanga.

Zimeni jua leo. Kaboni yote itakuwepo, maji yatakuwepo, fosforasi itakuwepo, na karibu kila kitu kitakufa njaa.

Kisiki

Sawa, lakini mbolea je? Mavi ya ng'ombe yana nishati, ukikausha yanawaka moto kabisa. Ukiweka shambani mmea unanawiri. Si umeila nishati ile?

Mama Darasa

Nimefundisha baiolojia miaka mingi, hili swali la Kisiki nakutana nalo kila mwaka, na si la kijinga.

Mmea hauli mavi, mwanangu. Ukiweka mbolea, nishati iliyomo inaliwa na bakteria, fangasi, minyoo na wadudu wa udongoni, hao ndio wanaosherehekea. Wakimaliza kula wanaacha naitrojeni, fosforasi na potasiamu katika hali ambayo mizizi inaweza kuvuta. Mmea umepata vifaa vya ujenzi tu. Nishati ya kujengea umeitoa juani, kama siku zote.

Na nikiwa hapa, naomba niseme jambo la mishale. Wanafunzi huchora mshale kutoka kwa simba kwenda kwa swala, kwa sababu simba ndiye anayekimbilia kule. Mshale wa mnyororo wa chakula unaonyesha nishati inakoelekea, kwa hiyo unatoka kwa anayeliwa kwenda kwa anayekula. Ukigeuza mshale mmoja umegeuza uzi wote huu.

Kisiki

Shikamoo mwalimu. Nimeshika.

Msomi wa Usiku

Mimi nina tatizo na piramidi, ule mchoro wa ngazi za chakula. Kwamba chini wazalishaji (mimea na mwani) wengi, juu walaji wachache. Nchi kavu sawa. Lakini nilisoma makadirio ya uzito wa viumbe wote duniani, yaliyochapishwa 2018, kwa kupima kaboni iliyomo miilini mwao. Mimea tani bilioni 450. Bakteria bilioni 70. Fangasi 12. Wanyama wote kwa jumla 2 tu. Hapo piramidi imesimama.

Baharini sasa: wazalishaji kama tani bilioni 1, walaji kama bilioni 5. Piramidi imesimama kichwa chini miguu juu! Mbona haijaanguka?

Mchwa Mzee

Swali hili ndilo linalotenganisha uzito na mtiririko, na nakiri lilinichukua muda.

Ulichotaja ni kiasi kilichopo kwa wakati mmoja, kama kupiga picha. Mwani mdogo wa baharini unaishi siku chache tu. Unazaliwa, unagawanyika, unaliwa, mwingine umeshachukua nafasi. Ukipiga picha unaona kidogo, lakini ukikaa mwaka mzima ukihesabu kilichozalishwa, bahari inatoa karibu nusu ya uzalishaji wote wa dunia, ambao ni takriban tani bilioni 105 za kaboni kwa mwaka.

Fikiria kikombe kidogo kilichowekwa chini ya bomba lililo wazi. Kikombe hakijawahi kuwa na maji mengi, lakini watu kumi wanaweza kukinga hapo siku nzima wakajaza mapipa yao. Mti wa msituni ni kinyume chake: pipa kubwa, bomba linadondosha. Ukihesabu mtiririko wa nishati badala ya uzito, piramidi ya bahari inasimama wima kama nyingine, na huwezi kuipindua hata ukitaka, kwa sababu hakuna ngazi inayoweza kupokea zaidi ya kilichotoka ngazi ya chini yake.

Msomi wa Usiku

Nimekubali. Na wale viumbe wa majimoto ya vilindini mwa bahari, wasioona jua kabisa?

Mchwa Mzee

Waligunduliwa mwaka 1977 karibu na visiwa vya Galápagos, mita kama 2,500 chini. Wanajiolojia walishuka na nyambizi kutafuta maji moto, wakakuta minyoo mirefu isiyo na mdomo wala utumbo. Ndani ya minyoo hiyo kuna bakteria wanaochoma haidrojeni salfaidi inayotoka ardhini na kutengeneza chakula bila mwanga.

Ndiyo maana hapo juu niliandika "karibu kila kitu". Ila ukiwabana hata minyoo hao hawako huru kabisa: bakteria wao wanahitaji oksijeni, na oksijeni iliyomo kwenye maji yale ilitengenezwa na mwani wa juu, juani.

Kisiki

Nimerudi. Nimekubali mduara si wa nishati. Sasa nakugeuzia hesabu zako mwenyewe. Kama walio juu wanapokea 21 katika 1,700,000, basi simba ni kitu kidogo sana. Tukimwondoa hatutaona tofauti yoyote. Umejifunga.

Mchwa Mzee

Kisiki unajua kunikera kwa mambo ya maana.

Hapa nakubali kwamba hesabu ya nishati peke yake haitoshi. Inakwambia kiasi gani kinapita. Haikwambii nani anaamua kipite wapi.

Kwenye miamba ya pwani ya Washington, Marekani, Robert Paine alichukua kipande cha mwamba akaanza kuondoa kiti cha pweza (mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota) mmoja baada ya mwingine, akiwatupa baharini. Kipande cha jirani akakiacha kama kilivyo. Kiti cha pweza wale hula kome. Kome walipokosa mlaji walitanda mwamba mzima na kuwasukuma wengine nje. Katika matokeo aliyochapisha 1966, spishi zilizokuwa 15 zilishuka zikawa 8. Baadaye akamwita mnyama wa namna hiyo kwa jina la lile jiwe la juu ya tao: ni moja tu, halibebi uzito kuliko mengine, lakini ukilichomoa tao linashuka. Kwa nishati, kiti cha pweza alikuwa akipitisha kiasi kidogo tu cha mwamba ule. Kazi yake ilikuwa kumzuia kome asijitwalie nafasi yote.

Mfano wa pili ninaupenda zaidi, kwa sababu unapanda kutoka chini. Laikipia, Kenya, kuna migunga yenye miiba iliyovimba kama tufe. Ndani ya uvimbe huo wanaishi sisimizi, mti unawapa nyumba na utomvu mtamu, wao wanaulinda. Tembo akigusa tawi wanamwingia kwenye mkonga, naye anaondoka. Tembo! Halafu wakaja sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa, wakawaua wenyeji, na wao hawana habari ya kulinda mti. Tembo wakaanza kuivunja migunga mara 5 hadi 7 kuliko ilipokuwa na walinzi. Miti ikapungua, uwanda ukawa wazi. Simba huwinda kwa kunyatia, anahitaji pa kujificha, sasa pundamilia wakawa wanamwona kwa mbali. Kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2024, mwaka 2003 pundamilia walikuwa asilimia 67 ya mawindo ya simba pale. Kufikia 2020 wameshuka hadi 42, na nyati ambao mwanzo hawakuwemo kabisa kwenye orodha wakapanda hadi asilimia 42.

Yaani sisimizi kabadilisha chakula cha simba bila kuwahi kuonana naye. Jaribuni kuchora mshale wa nishati kutoka kwa sisimizi kwenda kwa simba kwenye kisa hiki. Hakuna.

Napita Tu

Nimekaa wima.

Jiwe la Mto

Hii ni kama ile ya mbwa mwitu (wolf) wa Yellowstone, hifadhi ya Marekani. Waliuawa wote miaka ya 1920, wakarudishwa 1995, wakapunguza kulungu, miti ikaota, mpaka mito ikabadilisha njia. Kuna video zake zimezunguka sana.

Mchwa Mzee

Jiwe, kile kisa kina ukweli ndani yake lakini video zimekitia chumvi. Kulungu walipungua, sawa, ila wakati huohuo dubu na puma waliongezeka na wawindaji nao walikuwepo. Na mierebi ya kando ya vijito vingi haikurudi kama inavyosimuliwa. Sababu moja ni kwamba wakati wa kutokuwepo mbwa mwitu, biva, wale wanyama wanaojenga mabwawa kwa matawi, nao walitoweka mitoni kwa kukosa mierebi. Bila mabwawa ya biva vijito vilichimba chini, maji ya ardhini yakashuka, mierebi ikakosa unyevu. Kumrudisha mwindaji hakukuyarudisha maji.

Kwa hiyo Kisiki, ukiuliza simba akiondoka nini kitatokea, jibu la kweli ni kwamba inategemea nani mwingine yupo. Ila usitegemee kwamba akirudishwa miaka sabini baadaye kila kitu kitarudi kilipokuwa.

Mama Darasa

Nina swali la kuwachokoza vijana. Kama kila ngazi nishati inapungua, kwa nini sumu inaongezeka? Samaki wa juu ndio wenye zebaki nyingi.

Binti Hesabu

Naomba hili nijibu mimi.

Nishati inachomwa, sumu haichomwi. Ni kama kuni zenye misumari: ukiziwasha mbao inaisha, misumari unaikuta kwenye majivu. Samaki mdogo anakula mwani mwingi, anachoma karibu wote kwa ajili ya kuishi, lakini sumu inabaki mwilini mwake. Samaki mkubwa anakula wadogo mamia, anachoma nyama, anabaki na misumari ya wote.

Clear Lake, California, walipulizia dawa iitwayo DDD, ndugu yake DDT, kuua visubi, mwaka 1949, tena 1954, tena 1957. Kipimo kilikuwa kidogo, kama sehemu 0.02 kwa milioni ya maji. Ndege wavuvi wa ziwa lile wakaanza kufa. Walipopimwa, mafuta yao yalikuwa na hadi sehemu 1,600 kwa milioni. 1,600 gawanya kwa 0.02 ni mara 80,000.

Kwa hiyo kupungua kwa nishati na kuongezeka kwa sumu ni kitu kimoja, Mama. Sumu inajilimbikiza kwa sababu ile ile kwamba kila ngazi inalazimika kula mno ili ipate kidogo.

Mama Darasa

Umenifurahisha. Ungekuwa darasani kwangu ningekupa chaki.

Jiwe la Mto

Mchwa Mzee, nimekusoma toka juu. Umesimulia wala mimea, wala nyama, hujasema neno juu ya jina lako mwenyewe.

Mchwa Mzee

Nilikuwa nasubiri mtu aulize, maana hapa ndipo ninapoona vitabu vinatudhulumu. Mchoro wa kawaida una nyasi, swala, simba, halafu pembeni kabisa wameandika "waozeshaji" kama tanbihi.

Katika misitu mingi wala majani hawafikishi hata asilimia 10 ya kinachozalishwa. Majani yanazeeka, yanaanguka, na kinachofuata kinafanyika chini gizani. Rudini kwenye namba za Msomi: wanyama bilioni 2, fangasi 12. Barabara kuu ya nishati msituni inapita ardhini. Simba na swala wako kwenye kinjia cha pembeni, ila ndicho chenye watalii.

Mbao ni chakula kigumu. Ina ligini, kitu kinachoupa mti ugumu, na wanaoweza kuivunjavunja vizuri ni fangasi wachache. Mchwa wa vichuguu vikubwa wamelitatua kwa kilimo. Wanatafuna mabua na mbao, wanaijenga kama sega chini ya kichuguu, wanapanda fangasi juu yake, fangasi wanasaga, mchwa wanakula. Kilimo hicho kina umri wa miaka kama milioni 30. Wakishakula, naitrojeni na fosforasi zinabaki pale kwenye kichuguu, ndiyo maana ukiangalia nyika kutoka juu unaona madoa ya kijani kibichi, kila doa ni mji wa mchwa.

Na kuna mlaji mwingine asiyechorwa popote: moto. Serengeti ndiyo iliyonifumbua macho. Ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 ukaua ng'ombe na nyumbu. Ng'ombe wa kandokando ya hifadhi walipochanjwa, ukawatoka na nyumbu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walikuwa kama robo milioni, mwishoni mwa miaka ya 1970 wamepita milioni 1.3. Sasa nyasi zile zile ambazo zamani zilikauka na kuungua, zikawa zinapita tumboni mwa nyumbu. Maeneo yanayoungua yakapungua sana. Miche ya miti ambayo moto ulikuwa unaiua kila mwaka ikapata nafasi ya kukua. Chanjo ya ng'ombe ikapanda miti!

Nishati ya nyasi ni ile ile. Ikila na moto inakwisha kwa saa moja ikawa joto na moshi. Ikila na nyumbu inapita kwa simba, fisi, tai, wadudu wanaoviringisha mavi, bakteria, na kila mmoja anachukua chake. Mwisho ni joto vilevile, ila imelisha wengi kabla ya kufika.

Kisiki

"Ikila na moto"? Umeanza kuchoka mkuu, ni "ikiliwa". Lakini hoja nimeielewa, na hii ya moto kuwa mlaji sijawahi kuisikia popote.

Mchwa Mzee

Hahaha, nimekamatwa. Kidole kimechoka, si mimi.

Basi nimalizie na mpwa. Nilimsomea uzi huu jana. Akakubali ya simba, halafu akauliza: "Na nyumbu wanaozama mtoni, wale hawaliwi na simba. Nishati yao inakwenda wapi?"

Swali zuri kuliko la kwanza. Kwenye mto Mara nyumbu huzama wakivuka, kwa wastani 6,250 kila mwaka, kama tani 1,100 za mizoga kwa mujibu wa utafiti wa 2017. Mamba hushiba mapema. Tai na korongo wanakula juu, samaki wanakula chini, funza wanakula popote. Nyama laini inaisha ndani ya wiki chache. Mifupa inabaki mtoni kama miaka 7, ikitoa fosforasi polepole, na juu yake unaota utando wa mwani na bakteria ambao samaki huujia kuulamba muda mrefu baada ya nyumbu kusahaulika.

Mpwa akanyamaza kidogo, akauliza mfupa mmoja una kilokalori ngapi. Binti Hesabu, hilo nimekuachia wewe.

Binti Hesabu

Mwambie anitumie mfupa.